Mashine ya Seifu na Singo ya Ummy

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
16 Januari 2011

Kwa mdogo wangu Seifu, huko Dubai,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima wa afya na roho imetulia, maana uliponipigia mara ya mwisho haikuwa imetulia. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillah. Joto la Januari unalijua, tunalala madirisha wazi na mbu wanatufaidi. Chumba cha Mama nimekipaka chokaa. Sijakipangisha na sitaki mtu aniulize nitakipangisha lini.

Nakuandikia kwa sababu simu umenikatia mara mbili. Barua huwezi kuikata. Utaikunja kwa hasira, halafu utaikunjua uendelee kusoma, nakujua. Anakuletea Abdulmalik wa duka la vitenge, anakuja kuchukua mzigo. Na majibu yako mpe yeye yeye.

Umeniomba video ya Mama akicheza kwenye singo ya Ummy. Umesema hukuwahi kumzika, basi angalau umwone. Nami nikakuuliza, kwa nini hukuja kumzika? Ndipo ulipokata. Sawa. Tuache hilo, tuje kwenye hili.

Kazi yangu unaijua, ila naona umesahau inavyokwenda. Nawachukua video wanawake siku zao za singo, bi harusi anaposingwa liwa na kuchezewa ngoma, mlango umefungwa. Pale watu wako vichwa wazi na kanga za kiunoni, wanacheza wanayoyacheza, na mwanamume hata kukohoa kwake hakutakiwi uani. Wananiita mimi, si kwa kuwa nachukua vizuri kuliko wengine. Wananiita kwa sababu ngoma ikiisha, mbele ya wote, nafungua kamera, natoa kadi, namwekea mama wa bi harusi kiganjani. Nasema, "Amana yenu." Yeye anafumba kiganja anasema, "Nimepokea." Naondoka na kamera tupu. Zamani ilikuwa kanda, siku hizi kadi, lakini maneno ni yale yale, na hayo ndiyo yaliyonipa jina mjini hapa.

Halafu ukaniletea mashine yako, hiyo kamera ya diski. Ukanisifia wee: kadi mambo ya zamani, Dada, hii ina diski kubwa humo ndani, iwashe uiache, haijai. Sikutaka kukuvunja moyo. Nikaenda nayo kwa Ummy. Ngoma imeisha, Mama Ummy amenyoosha kiganja, wanawake wote wananitazama, na mimi sina cha kuweka. Diski haitoki. Imefungwa ndani kwa skrubu. Seifu, tangu nizaliwe sijaaibika vile. Nikasema nitawahamishia kwenye kadi kesho kutwa. Kesho kutwa Mama akaanza kuugua, na yaliyofuata unayajua.

Sasa mashine iko sandukuni kwa Mama, imefungiwa. Mama Ummy hataki ifike duka lolote, na kompyuta mimi siijui. Kukupa wewe pia siwezi. Mama alikuwa somo wa Ummy, ndiye aliyemfunda, kwa hiyo alikuwa katikati, na kila alipo pana mke wa mtu pembeni. Jibu langu ni hapana.

Nakuombea kila baada ya swala, hata leo.

Dada yako,
Sitara


Deira, Dubai
24 Februari 2011

Dada Sitara, shikamoo.

Barua nimeipata, Abdulmalik ameifikisha salama. Mimi mzima, namshukuru Mungu, mgongo tu unanisumbua kwa kupanga makasha bohari kutwa nzima. Pole na joto. Msalimie kila anayeniulizia, kama yupo.

Umeandika kurasa nne za kiganja cha Mama Ummy. Mimi umenipa mstari mmoja.

Hiyo kadi unayoitukuza ni kama ukucha wa kidole gumba. Mama Ummy ataitia kwenye pochi, itadondoka sokoni, ataifua pamoja na gauni. Au ni zile feki za hapo hapo Kariakoo, nje imeandikwa kubwa, ndani haichukui hata ngoma moja. Diski ni chombo kizima. Kinakaa. Vitu hivi vinapita mikononi mwangu kila siku, usinifundishe. Na nikuulize, dada yangu mcha Mungu: ingekuwa kadi, ungeikabidhi usiku ule ule, na leo mama yangu ningemtafuta wapi? Diski yangu ndiyo iliyomweka Mama. Badala ya kunishukuru unanisomesha adabu.

Mpe Mudi. Ana duka Mtaa wa Aggrey, ni mtoto wa marehemu kaka yetu, si mtu baki. Atamtoa Mama peke yake, wale wengine atawafuta bila kuwatazama.

Halafu unasema amana, amana. Kama ni amana, mbona hujaifuta mpaka leo? Kitufe cha kufuta kipo pembeni, kina picha ya pipa la taka. Mtoto anaweza.

Mimi ndimi niliyeinunua mashine hiyo.

Seifu


Mtaa wa Narung'ombe
20 Machi 2011

Kwa Seifu,

Assalaam alaykum. Pole na mgongo. Jikande maji ya moto yenye chumvi, usingoje mpaka ushindwe kuinama kuswali. Huku mvua zimeanza, Msimbazi kunapitika kwa kuruka madimbwi. Tumemsomea Mama khitma, watu walikuja, pilau lilitosha. Nafasi yako aliikalia kijana mmoja wa msikitini.

Eti atamtoa Mama, wengine atawafuta bila kuwatazama. Nilikuwa napeta mchele nilipofika hapo, nikacheka peke yangu kama mwenda wazimu. Atamjuaje Mama bila kumtazama aliye ubavuni kwake? Mudi huyo tunayemjua, anayemgeukia kila gauni linalopita dukani kwake, ndiye leo amekuwa kipofu?

Umemsahau Mama, Seifu. Msoma mita akibisha hodi, Mama alikuwa anavuta kanga mbili, moja ya kichwa, moja ya mabega, ndipo aseme karibu. Alicheza siku ile kwa sababu mlango umefungwa na mwanawe ndiye mwenye kamera. Aliniamini mimi. Na wale wengine wote waliniamini mimi.

Unataka kujua diski yako imenifanya nini? Singo mbili za mtaa huu zimepita, wamemwita mwanamke wa Magomeni. Mimi nimesikia vigelegele nikiwa ndani kwangu nachambua mboga. Jumatatu nikakutana na Mama Ummy sokoni shimoni, kule ghorofa ya chini, anachagua nazi. Sikumwanza, alinianza.

"Sitara, mwanangu bado yumo sandukuni kwako?"

"Bado, dada yangu."

"Basi usisahau kumlisha."

Akaendelea kugonga nazi zake. Wauzaji wakacheka bila kujua wanachokicheka, na mimi nikapanda ngazi bila kununua kitu.

Unaniambia kadi inapotea. Ipotee. Ikipotea imempotea mwenyewe, mkononi mwake. Diski yako inabaki kwa asiyehusika, na ukifuta haifutiki, Mudi huyo huyo alishawahi kujigamba kwangu jinsi anavyofufua vilivyofutwa na watu. Umeuliza kwa nini hata hivyo sijafuta. Sitakujibu. Swali langu wewe pia hujalijibu.

Jambo la mwisho. Mudi alikuja Ijumaa. Kaniamkia kwa heshima ya kupitiliza, kaomba maji, kayanywa polepole, halafu kauliza sanduku la Bibi siku hizi linakaa chumba gani. Nikuulize waziwazi, umemtuma wewe?

Dada yako,
Sitara


Deira
1 Mei 2011

Dada, shikamoo.

Mimi mzima. Mgongo afadhali. Joto la huku ndilo linaanza. Nimempa Abdulmalik shungi mbili nyeusi na tende za kufuturia, zihifadhi mpaka Ramadhani.

La Mudi silijui. Kijana kumtembelea shangazi yake siku hizi ni kosa?

Mimi pia Mama alinizaa. Msinifanye kama mpangaji.

Usinijibu kama huna jibu jipya.

Seifu


Mtaa wa Narung'ombe
5 Juni 2011

Seifu,

Assalaam alaykum, kwa kuwa salamu ni wajibu. Habari za nyumbani leo huzipati. Shungi zako na tende anakurudishia Abdulmalik, zimo kwenye mfuko ule ule, sijaufungua.

Jibu jipya ninalo.

Jana nilikwenda msibani Ilala. Narudi, nakuta komeo la sanduku limelala chini na nguo za Mama zimefunuliwa. Fundi wa cherehani hapo barazani akaniambia, "Mudi amepita, amesema umemwagiza kitu." Amesema nimemwagiza. Sikuingia hata kunawa. Nikaenda Aggrey na kanga zangu za msibani, katikati ya wauza simu wanaovuta watu mikono. Mmoja akaniambia, "Mama karibu, chaja ipo, kava lipo." Nikamwambia aniondokee kabla sijamlaani, na Mungu anisamehe kwa hilo, yule hakuwa na kosa.

Mudi yuko nyuma ya kaunta, mashine mbele yake imelala chali, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa ya soda. Pembeni wamekaa vijana wawili wanakula mihogo wanatazama.

"Shangazi, shikamoo. Nilikuwa nakuja kwako."

"Na bisibisi?"

"Shangazi, nisikilize kwanza. Baba mdogo kaniambia mmeshaelewana."

"Baba mdogo yupi?"

"Seifu. Si amesema umekubali, ila unaona aibu kunipa mwenyewe?"

Naona aibu. Ndivyo ulivyomwambia. Wale vijana wakaacha kutafuna.

Nikamuuliza ameona nini. Akasema hajaona kitu, alikuwa anangoja waya wa kuichomekea diski, ameuagiza duka la jirani. Nikamwambia aape. Akaanza, "Haki ya nani." Nikamwambia siyo ya nani, ya Mungu, taja. Akataja. Nikasimama pale pale mpaka akairudisha kila skrubu mbele ya macho yangu, moja ikaanguka tukaitafuta wote sakafuni, mimi mwanamke mzima nimepiga magoti Aggrey natafuta skrubu. Nikaiviringisha mashine kwenye kanga, nikaikumbatia, nikapita nayo Mnazi Mmoja kuzunguka, maana sikutaka kupita mbele ya mlango wa Mama Ummy.

Umemwagiza mtoto aniibie ndani ya nyumba ya mama yako. Umenizulia maneno kinywani mwangu. Kwa ajili ya kumwona Mama umefungua sanduku la Mama, wewe ambaye hukuufungua mlango wake siku alipokuwa anaoshwa. Nimeswali tangu jana ili nisiandike hayo, na nimeyaandika.

Sitara


Deira
3 Julai 2011

Dada, shikamoo.

Nilimtuma.

Abdulmalik aliniletea mfuko mbele ya watu wa bohari, wakauliza vipi, nikasema ni vya kwangu nilivisahau.

Sura ya Mama ninayo, ile ya kitambulisho cha mpiga kura na ile ya Idi. Zote amekaa. Nimeanza kusahau alivyokuwa akiinuka. Unajua alivyokuwa anaweka mkono kwenye goti kwanza. Baada ya hapo sioni kitu. Basi.

Mudi msamehe, kosa si lake.

Seifu


Mtaa wa Narung'ombe
27 Julai 2011

Kwa mdogo wangu Seifu,

Assalaam alaykum. Ramadhani iko mlangoni, Mungu atufikishe. Habari za nyumbani leo utazipata, na habari kubwa ni kwamba Ummy amerudi kutoka Tanga, amekuja kujifungulia kwa mama yake kama desturi. Tumbo liko juu, miguu imemvimba, na amekuja na kompyuta yake ya kazini. Aliposikia yaliyopita alimgombeza mama yake, akanitumia ujumbe: "Bi Sitara, njoo na hiyo mashine, na usije peke yako." Nikawapitia wote waliokuwepo siku ile. Waliokuwa hawanisalimii nikawabishia hodi nao. Wengi walikuja, naona kila mtu alitaka kuona mwisho wake.

Jana tukafunga mlango. Ummy akaiunga mashine na televisheni ya mama yake.

Nakusimulia ninayoweza. Ilianza vizuri. Kulikuwa na liwa, kulikuwa na karafuu, harufu yake niliisikia, pua ilinidanganya. Mama akatokea amevaa ile kanga ya zambarau. Akaja karibu kabisa na mashine, akainama mpaka uso ukajaa kioo chote, akasikiliza.

"Sitara, mbona kidude hiki kinanguruma? Kina paka ndani?"

Mimi sionekani, nasikika. "Ndiyo mashine ya Seifu, Mama. Ni diski inazunguka."

Mama akacheka. Akatazama ndani ya kioo, Seifu, kana kwamba umejificha humo. Akasema, "Seifu, unaniona? Usinione, mwanangu, haya si ya wanaume. Funga macho, usikilize tu."

Wanawake wote waliangua kicheko, wa siku ile na wa jana kwa pamoja.

Halafu akarudi mahali pake akaketi. Msondo ukaletwa. Ngoma ile unaijua, ndefu kama mtu, ikipigwa sakafu inatetemeka na vikombe vinatembea. Na mimi mjinga nilikuwa nimeiweka stendi ya kamera pale pale chini ya msondo, nikaiacha, nikaenda kucheza. Zamani nilikuwa sibanduki, naangalia kadi isijae, naangalia taa. Lakini uliniambia iwashe uiache. Nikaiacha.

Msondo ukapigwa mara ya kwanza. Mama akaweka mkono kwenye goti. Ukapigwa tena. Akaanza kuinuka.

Hapo picha ikasimama.

Tulingoja. Ummy akagusa hiki na kile, akarudisha nyuma, akaleta mbele. Kila mara Mama anaweka mkono kwenye goti, anaanza kuinuka, basi. Baada ya hapo hakuna kitu. Singo nzima ilichezwa mpaka wapigaji walipopasuka viganja, na mashine yako haikuchukua hata hatua moja.

Ummy akasema, "Bi Sitara, hizi zina kisahani kinazunguka ndani. Zikitikisika sana zinajizima, kisahani kisije kukwaruzika. Kadi haina kinachozunguka. Kadi ungeiweka juu ya msondo wenyewe ingechukua."

Mama Ummy alikuwa anasuka ukili, akaacha. Mimi nilitoka nikaenda uani nikashika ukuta. Uliniuliza kwa nini sikufuta. Ni kwa sababu nami nilijua anacheza humo. Mwaka mzima nimepita mbele ya sanduku lile nikijua Mama anacheza ndani yake. Nimekosa kazi, nimechekwa shimoni, nimepiga magoti Aggrey, nimegombana na ndugu yangu wa tumbo moja, kwa kitu ambacho hakikuwemo.

Niliporudi Ummy alikuwa ameshahamisha yote kwenye kadi. Nikaitoa mwenyewe, nikamwekea Mama Ummy kiganjani. Nikasema maneno yangu. Alikaa kidogo kabla ya kufumba, lakini alifumba. Akasema, "Nimepokea."

Kisha tukafungua mashine kwa bisibisi ya cherehani. Diski ni kitu kidogo, Seifu, kinaingia kwenye bakuli la chai, na ndani yake kisahani kinang'aa kama kioo cha kujitazamia. Mama Ummy akaleta kinu. Nikakitwanga mimi mwenyewe mbele yao. Kilivunjika kama bilauri. Mashine yenyewe nakurudishia, imebaki ganda, ulisema uliinunua.

Nilipokuwa navaa viatu Mama Ummy akaniita. Akanishika mkono, akaniwekea kadi nyingine kiganjani. Hakunitazama, alikuwa anatazama mlango. Akasema, "Amana yenu."

Nilishindwa kusema nimepokea. Nilifumba tu.

Humo Ummy ameweka sauti peke yake. Picha hakuna hata moja, usimpe Mudi wala mtu mwingine akutafutie, hakuna. Nimemshonea Abdulmalik kadi hiyo ndani ya mfuko wa shati, juu ya moyo wake, na nimemwambia akiipoteza asirudi Kariakoo. Mudi nimemsamehe. Wewe bado. Nimejaribu kila usiku na bado. Ukimaliza kusikiliza, nijibu lile swali langu la Januari, kwa nini hukuja kumzika, maana Ramadhani sitaki kuianza nikikuuliza.

Sasa fanya alivyokuambia. Funga macho. Utasikia paka akinguruma, na Mama akicheka, na jina lako. Utasikia msondo mara mbili. Halafu itakatika. Ikikatika usiitikise kadi, wala usimlaumu Abdulmalik. Kadi ni nzima. Hapo ndipo mashine yako ilipoishia.

Dada yako,
Sitara